Mashimo Nyuma ya Jikoni

Mama yangu mzazi, uliyeshuka kutoka Mghange na mguu unaokuuma ili umuage mjukuu wako; Mchungaji wetu; kaka yangu Mwadime, ambaye tangu Baba atutoke ndiwe msemaji wa nyumba hii; mke wangu, Mama Wakesho; jirani yetu Mama Kioko, uliyeingia kwa mlango wa nyuma kama ilivyo desturi yako; na nyinyi vijana mlioketi mkekani: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake na nawashukuru kwa kuja.

Chakula kimeliwa na maombi yamefanywa. Kaka amenipa nafasi ya neno la mwisho, na nyote mnajua kwamba mimi nikipewa nafasi huwa siirudishi upesi. Kwa hiyo leo nimeandika. Mchana kutwa nimekaa mezani nikiandika barua kwa binti yangu, ambaye kesho saa tatu asubuhi atapanda basi kwenda Kitale kuanza kazi ya maabara. Ningeweza kumpa mkononi akaisome njiani. Naisoma mbele yenu kwa sababu kosa lililomo nililifanya mbele ya watu, na wengi wenu mlikuwepo. Tena Jumatatu fundi anakuja kujenga vyumba juu ya bustani iliyo nyuma ya jikoni. Mliponiomba kiwanja hicho niliwapa bila kusita. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, mnapaswa kujua kwamba sikuwa na haki ya kukitoa.

Sasa naomba mniruhusu nizungumze na mtoto.

Wakesho mwanangu,

Mambo ya sweta, ya blanketi na ya kutomwamini kila anayekuita "dada" kituoni, mama yako ameyamaliza. Sina la kuongeza. Kitale sijawahi kufika, na nikianza kukueleza habari za mahali nisipopajua nitakuwa narudia lile lile ninalotaka kukusimulia.

Nilizaliwa mahali ambapo taabu ya mkulima ni maji kuwa mengi. Kule Mghange ukungu hukaa shambani hadi saa nne, na mboga ikiachwa mahali pa bondeni huoza mizizi. Bibi yako, huyu aliyekaa hapa, alitufundisha kuinua matuta na kuacha njia kati ya tuta na tuta. Kwake yeye, tuta zuri lilikuwa lile ambalo mvua ikinyesha, maji yanapita bila kusimama. Kabla sijaota ndevu nilikuwa naweza kuinua tuta la namna hiyo macho yakiwa yamefumbwa. Baadaye nikaenda chuoni, nikarudi na cheti cha kufundisha kilimo, nikafundisha matuta hayo hayo ubaoni kwa miaka zaidi ya thelathini. Wanafunzi waliyachora vizuri. Mimi nikayapigia alama ya vema.

Nilipostaafu nikayateremsha hadi hapa Voi.

Unakumbuka msimu ule wa kwanza ingawa ulikuwa ungali chuoni, maana mama yako alikutumia picha. Nililima nyuma ya jikoni matuta manane, yamenyooka kama mistari ya daftari. Miche ya sukuma wiki na kabichi niliitoa Mghange ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba, nikaibeba mapajani njia nzima. Mvua ya Machi ikaja usiku mmoja, ikanyesha kwa nguvu. Iligonga matuta yangu, ikateremka pembeni, ikapita chini ya ua na kwenda zake. Asubuhi Mama Kioko akasimama upande wake wa ua, mikono kiunoni, akaniambia, "Mwalimu, asante kwa maji. Nimeyapokea yote."

Nikadhani ananitania.

Jua la hapa halikunisubiri nifikirie. Kwa wiki mbili ule udongo mwekundu ulikuwa umekauka na kupasuka, na kabichi zangu zimelala kama matambara. Nikamwaga tangi zima la maji ya paa kuziokoa, mama yako akaanza kununua maji ya mkokoteni ili tupate ya kupikia. Zikafa hata hivyo. Msimu uliofuata nilikaa chini nikatafakari kama msomi, na unajua nilifikia uamuzi gani? Kwamba matuta hayakuwa marefu ya kutosha. Nikayaongeza kimo.

Bibi yako alikuja kututembelea mwaka huo. Alizunguka nyuma ya nyumba na mkongojo wake, akayatazama, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu," akasema, "haya ni matuta yangu. Umeyaleta huku yafe kiu?"

"Mama, ni udongo," nikamjibu. "Udongo wa hapa ni mbaya."

"Haya. Mwalimu ni wewe."

Ndivyo nilivyokuwa wewe uliporudi na diploma yako. Ulikaa nyumbani miaka miwili ukituma maombi ya kazi, na katika miaka hiyo mimi baba yako nilikuwa naona haya. Naomba nilitamke hivyo hivyo, bila kulivisha nguo. Wageni walipouliza habari zako niliwaambia, "Anasubiri kuitwa," kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yageuke. Asubuhi moja nikakukuta na jembe, wewe na Mama Kioko mmeinama pande mbili za ua, anakupimia kitu kwa mkono wake, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

"Hizi matuta zake zinafukuza maji," alikuwa anakuambia. "Nyinyi watu wa milimani mnalilia mvua, ikija mnaionyesha njia ya kutoka. Huku unachimba chini. Unaiwekea kitanda ilale."

Nami nikasema neno ambalo sijapata kulisahau, na sidhani wewe umelisahau. Nilisema, "Sikukusomesha maabara uje kuchimba makaburi ya mboga."

Ulilirudisha jembe mahali pake, ukaingia ndani. Mama Kioko ndiye aliyejibu. "Mwalimu," akasema, "hayo makaburi yatakulisha."

Mwezi wa pili mwaka jana mguu wa bibi yako ulizidi, nikapanda Mghange kumuuguza. Nilikaa wiki nyingi kuliko nilivyopanga. Na huku nyuma wewe ukachimba. Sikuona ulivyochimba, kwa hiyo hata leo nasimulia nilichoambiwa. Mama yako anasema ulianza alfajiri, udongo ukiwa mgumu hata jembe likidunda, ukawa unaumwagia maji uliyooshea vyombo jioni ili asubuhi uwe umelainika kidogo. Anasema ulichimba mashimo mapana yenye kina cha mkono, ukarundika udongo wake upande wa chini kama kizingiti. Ukaweka mabua makavu ya mahindi, juu yake samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu hadi ikapoa na kuwa kama unga, kisha udongo wa juu. Hukujaza shimo; uliliacha likiwa na bonde. Ukapanda katika vumbi kavu kabla ya wingu lolote: mchicha na kunde kwa wingi, vikiwa vimesongamana, na sukuma wiki chache katikati. Ukafunika kwa nyasi kavu, ukangoja.

Mvua mwaka jana ilikuja mara moja, ikatoweka kwa muda mrefu. Mara moja hiyo ilitosha. Ilijaa katika kila shimo na kutulia humo.

Niliporudi ilikuwa jioni. Uliniwekea ugali na mchicha mchanga, majani madogo laini, ya kupikwa kwa dakika mbili. Nikala sana, maana safari ilikuwa imenichosha. Nikauliza, "Mboga nzuri hii. Mmenunua wapi?"

"Nyuma ya jikoni," ukasema.

Nikadhani kuna mama anayeuza nyuma ya jikoni.

Asubuhi nilikwenda kuona. Ulikuwa umechuchumaa ukipunguza miche, unang'oa mmoja hapa na mmoja pale. Nikakuambia unaharibu, mimi nisingeweza kung'oa mche ulio hai. Ukanieleza bila kuinua kichwa kwamba hii unayoipunguza ndiyo tuliyokula jana. Kwamba imepandwa kwa wingi kusudi, ili nyumba ipate mboga ya mapema wakati ile iliyobaki inapata nafasi ya kukua. Nilikusikiliza kwa makini sana. Wakati ule nilidhani ninajifunza. Leo naona kwamba nilikuwa nakariri.

Kwa maana wiki iliyofuata ilikuwa Jumapili ya malimbuko. Mchungaji, utakumbuka. Kila familia ilipeleka mbele mazao ya kwanza ya msimu, na mwaka ule vikapu vilikuwa vichache na vyepesi. Kikapu chetu kilikuwa kimejaa hadi kikafunikwa kwa majani ya maboga. Ukakiinua wewe mwenyewe, Mchungaji, ukauliza kwa furaha, "Jamani, na ukame huu, nani amelima hii?"

Wewe, Wakesho, ulikuwa umekaa benchi la tatu, karibu na dirisha.

Nikasimama mimi. Sikusema "nimelima mimi." Mtu aliyesoma kama mimi hadanganyi kwa maneno mafupi. Nilisema, "Mchungaji, kwa neema ya Mungu tumejaribu mbinu mpya," kisha nikaieleza mbinu hiyo kwa muda mrefu, kwa mifano, kwa ishara za mikono. Nilipima hata kina kwa kiwiko changu, kama nilivyomwona Mama Kioko akipima. Hakuna mahali nilipotaja jina. Nilipoketi watu walipiga makofi, na nilipogeuka kukutazama ulikuwa unatafuta ukurasa wa wimbo.

Nyumbani uliosha kikapu, ukakianika. Ukaniambia, "Baba, umeongea vizuri."

Mwanangu, kama ungenitukana ningepata la kujibu.

Mama Kioko, ambaye kanisa lake ni lingine, alipata habari kabla jua halijatua. Aliniita pale uani. "Nimesikia mashimo yangu yamebatizwa," akasema. "Yamepewa jina gani?" Nikacheka naye, kwa vile alikuwa anacheka. Nashukuru kwamba leo yupo hapa asikie kwamba nililielewa swali lake.

Kuanzia hapo nikawa mtaalamu. Kikundi cha wakulima wa Maungu kikaniita, nikaenda. Mwezi wa kumi akina mama wa Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau, wakanipelekea ujumbe kwamba wanataka kuanza bustani za nyumbani kabla ya mvua za vuli. Nikavaa koti. Walinipokea kwa nyimbo, wakaniketisha kivulini, nikafundisha asubuhi nzima. Mwishoni mama mmoja wa makamo akainua mkono. Akauliza, "Mwalimu, hiyo samadi ya chini, tunaiweka mbichi ama tunaiacha kwanza ikae?"

Sikujua. Ulikuwa umeitayarisha mimi nikiwa Mghange, na kiburi changu hakikuwahi kukuuliza. Katika miaka yote niliyoshika chaki sikumbuki siku niliyowaambia wanafunzi "sijui"; niliwaambia tu kwamba tutalifikia somo hilo wiki ijayo. Lakini pale Rukanga hapakuwa na wiki ijayo, na akina mama zaidi ya ishirini walikuwa wananitazama. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ile ile ya malimbuko, "Mbichi. Ikiwa mbichi ndipo ina nguvu."

Walikwenda wakafanya hivyo. Walinisadiki. Mvua ikaja, mbegu zikachipua, kisha samadi ikawaka joto chini ya ardhi na miche ikaungua mizizi. Mashimo yote ya mwanzo yakapotea, na mbegu walizokuwa wamejinyima kununua zikapotea pamoja nayo.

Haya yote mimi sikuyajua. Nilikuwa nyumbani nasubiri mwaliko mwingine. Niliyajua Jumanne iliyopita tu, hapa sokoni Voi, nilipokutana na mama yule yule aliyeuliza swali. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, hatukukushukuru," akasema. "Asante kwa kumtuma binti yako."

Nikamwuliza, "Nilimtuma lini?"

"Si ile siku miche ilikuwa imekufa! Alikuja peke yake, akashinda na sisi mpaka jioni. Akatuambia, 'Baba amenituma nirekebishe, alisahau kuwaambia samadi iwe imeoza.' Akachimbua nasi, akatuletea na mbegu. Saa hii tunachuma kunde. Huyo mtoto umemfunza, Mwalimu."

Nilikuwa nimeshika fungu la vitunguu. Nililirudisha kwa muuzaji, nikatembea mpaka nyumbani bila kununua nilichotumwa. Mama yako atathibitisha, maana alinigombeza.

Wakesho, ile siku ulituambia unakwenda kumsalimia rafiki yako wa chuo. Ulikuwa huna kazi, na habari za miche ile na mbegu zile sijui ulizipata wapi. Ulikwenda kuzima moto niliouwasha mimi, na ulipofika huko ukanijengea jina zaidi. Kisha ukarudi jioni, ukanipikia.

Sasa niruhusu nikupe ushauri mmoja, na naomba uupokee kwa mtu ambaye ameshiba matunda ya kutoufuata. Huko maabara uendako huenda ukampata mkubwa wa kazi anayesoma majibu yako kana kwamba ni yake. Huenda akawa mtu mwema, anayekupenda, mwenye mvi. Usimfunike kama ulivyonifunika mimi. Ulinifunika kwa upendo, nami nikalala vizuri sana chini ya mfuniko huo, na walioumia ni akina mama wa Rukanga ambao hata hatukuwa tunagombana nao. Ukiwa maabara atakayeumia ni mgonjwa. Na kama siku moja wewe mwenyewe utakosea, ukachanganya damu ya huyu na ya yule, sema saa hiyo hiyo, mgonjwa angali amekaa kwenye benchi pale nje. Kosa langu lilikuwa dogo sana ile Jumapili ya kwanza. Lingemalizwa kwa maneno mawili: "Ni Wakesho." Nililiacha likae, na kila msimu likahitaji uongo mkubwa kidogo wa kulilisha.

Nilisema mara nyingi, na baadhi yenu mnanisikia nikisema hata kwenye harusi, kwamba mtoto ni kama mche. Leo siwezi kusema hivyo. Mche haumjui aliyeupanda. Wewe ulinijua vizuri, pamoja na udhaifu wangu wote, na ukaendelea kuniita Baba kwa sauti ile ile. Sijui ulilitoa wapi jambo hilo. Kwangu hukulipata. Namtazama mama yako.

Ninarudi sasa kwa suala la vyumba.

Mwezi uliopita, wewe ukiwa umepata barua ya kazi na nyumba ikiwa na furaha, baba yako mkubwa alileta shauri. Bibi hawezi tena kupanda na kushuka ile njia ya Mghange; anahitaji chumba hapa, na vyumba vingine vitatu vya kupangisha vingesaidia kununua dawa zake. Ni shauri la mtoto anayempenda mama yake, na hakuna aliyelipinga. Mahali palipoonekana panafaa ni nyuma ya jikoni. Kaka akaniuliza kwa heshima, "Na bustani yako, Mwalimu?"

Hilo lilikuwa swali la pili nililopaswa kujibu kwa maneno mawili. Ningesema, "Si yangu." Badala yake nilisema, "Naweza kuotesha nyingine popote." Ilinibidi. Mtaalamu anayelia kwa ajili ya mashimo machache angeulizwa maswali. Kaka akacheka, akasema, "Huyu anaotesha hata juu ya jiwe," na jambo likapita.

Juzi fundi alikuja kupima. Alipigilia vigingi, akavuta kamba, na vijana wake wakaanza mtaro wa msingi. Mtaro ule umekata mashimo mawili ya mwisho, yale ya kunde, ambazo zilikuwa zimeanza kutoa majani ya kuchumwa wiki hii. Nilikuwa dirishani. Ulitoka na karai, ukaitazama kamba, ukauliza, "Mnaanza lini?" Fundi akasema, "Jumatatu, dada." Ukachuchumaa ukaanza kuchuma haraka, shimo moja hadi jingine, hata majani ambayo hayajafikia kuchumwa. Kunde tulizokula leo jioni, wageni wangu, ambazo mmezisifu, ndizo hizo. Mboga hiyo ilichumwa na mtu aliyekuwa anahama.

Ulidhani umeshapokonywa mara ya pili. Mwanangu, sitaki uondoke nyumbani kwako namna hiyo. Utakuwa mbali, utachoka, siku nyingine utataka kuja kupumzika. Sitaki upige hesabu rohoni uone kwamba hapa kila ulichokigusa kiligeuka kuwa cha mtu mwingine.

Leo asubuhi nilikuja jikoni nikakueleza yote niliyoambiwa sokoni. Ulikuwa unakunja nguo. Nikakuuliza, kama bustani ingebaki, ungependa nani aitunze. Ulikunja nguo nyingine, nikadhani utaniambia haina haja. Kisha ukasema, "Mama Kioko. Na wewe umsaidie, Baba. Lakini usifundishe."

Nimekubali masharti yote mawili.

Barua ya mtoto inaishia hapo. Yaliyobaki ni yenu nyote mliopo.

Mama, Mchungaji, kaka, mke wangu, majirani na vijana: heshima niliyopewa bila kustahili, nimeirudisha leo kwa mwenyewe, na Jumapili nitasimama kanisani niirudishe huko pia. Mchungaji, naomba dakika mbili tu, na naomba uzihesabu. Mwaliko wa Rukanga wa msimu huu sitaupokea. Nimemwomba Mama Kioko aende, amekubali, na mimi nitambebea jembe.

Kuhusu kiwanja, huu ndio uamuzi wangu, na nautangaza nikiwa mwenye plot. Idhini niliyotoa ya kujenga nyuma ya jikoni nimeiondoa. Sehemu ile, kuanzia ukuta wa jikoni hadi ua wa Mama Kioko, ni bustani ya Wakesho, awe Voi awe Kitale, aolewe asiolewe, na nataka nyote muwe mashahidi ili kesho kutwa nikiwa sipo pasiwe na wa kumwuliza kwa nini. Chumba cha Mama kitajengwa. Kitajengwa mbele, karibu na lango, mahali pasipo na ngazi, pale penye kibanda changu cha tuisheni. Kibanda kibomolewe, ubao utolewe. Wanafunzi wangu wawili waliobaki nitawafundishia barazani. Vyumba vya kupangisha havitakuwepo, na dawa za Mama nitazinunua kwa pensheni yangu. Kaka, najua hili linavuruga mpango uliouhangaikia kwa nia njema. Kosa ni langu, lawama uniwekee mimi.

Kesho saa kumi na mbili na nusu, kabla ya basi, naomba kila mwenye nguvu aje nyuma ya jikoni tufukie ule mtaro. Wakesho hatashika jembe. Atasimama atuonyeshe tusipopaswa kukanyaga.

Lakini lipo moja lisiloweza kungoja kesho, kwa kuwa fundi amekwisha kuagiza mawe. Kaka Mwadime, namba yake unayo wewe. Tafadhali mpigie sasa hivi, tukiwa wote tunakusikia.